Karatasi Tupu

Ilikuwa siku ya pili ya maonesho ya vyuo vikuu, viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam. Meza yetu ilisheheni vipeperushi, kalamu za bure na bakuli la peremende, na sisi wanne tumevaa fulana za rangi moja kama timu ya netiboli. Karibu na adhuhuri akaja kijana ameshika kiwiko cha kaka yake. Kaka mtu ndiye aliyesalimia. Nikampa kipeperushi, halafu nikachukua cha pili nikamwekea mdogo mtu mkononi, maana nilishafundwa kwenye semina kwamba mtu asiyeona huongei naye kupitia kwa aliyemleta. Nikajiona mjuzi.

Kijana akakipokea kwa mikono miwili. Akapitisha kidole gumba juu yake taratibu, akakigeuza, akapitisha tena upande wa pili, kisha akanirudishia kwa adabu zote.

"Samahani madam, hii uliyonipa ni karatasi tupu."

Karatasi yenyewe ilikuwa ya kung'aa, rangi nne, nakala elfu tano. Kaka yake alicheka. Mimi nilivuta kiti cha plastiki nikaanza kumsomea, kozi moja baada ya nyingine, huku spika za banda la jirani zikinimeza sauti. Kijana alipenda uchumi. Nilipofika kwenye sifa za kujiunga na kutaja Hisabati, akanyanyua mkono kunizuia. Hisabati aliachishwa kidato cha pili, mwalimu hakuwa na namna ya kumchorea grafu.

"Basi niambie habari za chuo chenyewe," akasema. "Choo cha wavulana kiko hatua ngapi kutoka bwenini, na njiani kuna mtaro?"

Nilikuwa na miaka tisa pale chuoni. Sikujua.

Niliyekuwa nimesimama pale kwenye banda nilikuwa afisa udahili, na kazi ya kutafuta wanafunzi wenye ulemavu nilikuwa nimepewa miezi mitatu tu kabla ya hapo. Kwa wasiokumbuka, kuanzia 2010 maombi ya kujiunga na vyuo vikuu yalipitia mfumo mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Mfumo unachagua, chuo kinaletewa orodha, sisi tunapiga muhuri. Ilipofika 2017 utaratibu ule ukaondolewa, waombaji wakaanza kuomba moja kwa moja vyuoni, na maafisa udahili nchi nzima tukageuka wachuuzi. Ndipo mkuu wangu wa idara, mtu wa takwimu, akaikagua orodha yetu. Katika wanafunzi karibu elfu tatu, waliojiandikisha kuwa na ulemavu walikuwa sita. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ilikuwepo tangu 2010, nakala yake iko kabatini. Akaniita akaniambia, "Nitafutie ishirini." Alisema vile vile ambavyo angesema nimtafutie viti ishirini vya ukumbini.

Wala hawakuwa wamefichwa. Mtu yeyote wa sekta ya elimu ukimtajia Mpwapwa, Korogwe Wasichana au Moshi Ufundi anajua unazungumzia nini: shule za bweni za kawaida ambazo kwa miaka mingi zimekuwa zikipokea wasioona au viziwi pamoja na wenzao. Utafiti haukuhitajika. Lilihitajika gari, posho, na kitu cha kuwapa mkononi kisichokuwa karatasi tupu.

Kwa hiyo nilianza na vipeperushi vya nukta nundu, yale maandishi ya vinundu ambayo asiyeona huyasoma kwa vidole. Nikapata ofisi moja jijini yenye printa ya nukta nundu, tukaelewana bei, nikawatumia maneno yetu yale yale ya kwenye karatasi ya kung'aa. Kipeperushi cha kurasa mbili kikarudi kijitabu cha kurasa kumi na moja, maana nukta nundu zinakula nafasi na karatasi yake ni nene kama ya jalada la daftari. Nakala mia mbili. Nikazifunga kwenye boksi, nikazikabidhi kwa kondakta wa basi zinitangulie mkoani, na boksi likasafiri chini ya magunia mawili ya mchele.

Siku ya ukumbini niliwagawia wanafunzi kumi na wanne wasioona wa kidato cha sita. Nikasimama nikisubiri, kwa kweli nikisubiri sifa. Vidole vikaanza kutembea, vikasita, vikarudi nyuma. Binti mmoja wa kiti cha mbele akainua uso.

"Madam, hapa mmeandika kwa kunong'ona."

Nukta zilikuwa zimelala. Uzito wa mchele umezibana mpaka karatasi ikarudi karibu kuwa laini. Na pale zilipobaki zimesimama, kulikuwa na kichekesho kingine. Programu ya ile printa iliachwa kwenye Kiingereza, na nukta nundu za Kiingereza zina vifupisho: neno "and" lina alama yake moja, "the" lina yake. Programu haijui lugha, inaona herufi tu. Basi kila palipoandikwa "kuandika" ikabana "and" katikati ya neno, "themanini" ikaanza na "the". Walisoma wakaelewa, maana vifupisho hivyo wanavijua kuliko mimi, lakini ukumbi mzima ulicheka. Mmoja akasema chuo chetu kinaandika Kiswahili kwa lafudhi ya Kizungu. Tangu siku ile vijitabu husafiri vimesimama wima, kwenye boksi la mbao, juu ya mapaja yangu, na havichapwi kabla mtu asiyeona hajasoma nakala ya kwanza.

Hayo yalikuwa makosa ya karatasi. Yaliyofuata yanachoma zaidi.

Mwaka huo huo tulikwenda kwa viziwi. Tulimchukua mkalimani wa lugha ya alama, dada hodari, tukamlipia posho ya siku kutoka fungu la matangazo. Mkuu wangu naye akaja na projekta. Tukampanga mkalimani kando ya mzungumzaji, na kando ya mzungumzaji palikuwa na dirisha kubwa linalotazama jua la saa nne. Dakika tano za kwanza nilishangaa kwa nini nusu ya ukumbi wanakunja nyuso. Mikono ya mkalimani ilikuwa kivuli, na uso wake, ambao katika lugha ya alama ni nusu ya sentensi, hauonekani kabisa. Kisha mkuu akataka kuonesha video ya chuo, akazima taa.

Katika giza lile msichana mmoja alinyanyuka, akawasha taa mwenyewe, akamshika mkalimani kifundo cha mkono, akamvuta hadi kwenye ukuta mweupe upande wa pili, akamgeuza mabega kama mpiga picha anavyompanga bibi harusi. Akarudi kuketi. Hakuna aliyemkemea. Video hatukuionesha tena.

Viziwi wanaofika kidato cha sita ni wachache. Wengi hukatikia kidato cha nne, na Kiingereza ndicho kinachowaangusha. Kwa hiyo tuliwaelekeza kwenye stashahada na astashahada, ambazo siku hizi husimamiwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi. Wawili wakajiunga nasi, stashahada ya TEHAMA, na niliwapiga picha siku ya usajili nikaiweka kwenye ripoti.

Jumatatu ya kwanza ya masomo hapakuwa na mkalimani. Fungu la matangazo lilikuwa limemlipia siku moja ya kuwaita. La kumlipa siku zote za kuwafundisha halikuwepo katika kitabu cha bajeti kabisa. Niliandika dokezo. Dokezo likapanda ngazi, likashuka, likarudi na swali: kifungu gani? Wale vijana walikaa darasani wiki ya kwanza, ya pili, ya sita, wakinakili ubao na madaftari ya wenzao. Muhula ulipoisha mmoja hakurudi. Nilimtumia ujumbe WhatsApp kumuuliza. Alijibu kwa kifupi: "Mwalimu anaandika ubaoni huku anaongea. Mgongo hauna mdomo."

Nimezunguka na sentensi hiyo miaka yote. Mtu aliyemtoa kwao, akamwonesha picha za maabara, akamwambia karibu sana, ni mimi. Mwenzake alibaki, na mwaka uliofuata tukapata mkalimani wa saa kumi na mbili kwa wiki. Saa kumi na mbili hazitoshi kugawana madarasa matatu tofauti, kwa hiyo chuo kikaamua viziwi wote wanaokuja wasome kozi moja. Uamuzi huo mimi mwenyewe niliusaini. Naelewa hesabu yake na bado unanikera, kwa sababu kati ya waliokuja baadaye kuna mmoja aliyetaka kilimo.

Baada ya hapo nilikaa na yule aliyebaki, na wasioona wanne tuliokuwa nao, na kijana wa kiti mwendo ambaye kila asubuhi alibebwa na wenzake kupanda ghorofa ya tatu. Nikawaomba wanitembeze chuoni. Sijawahi kuchoka vile. Kutoka bweni la wavulana hadi chooni ni hatua sitini na nne, na ndiyo, kuna mtaro, hauna mfuniko, na mvua ikinyesha unajaa ukawa sawa na njia. Mmoja alinionesha kovu.

Kutokana na matembezi yale tuliandika ukurasa mmoja tukauita "Tusivyonavyo". Jengo la mihadhara la ghorofa tatu, halina lifti. Mkalimani saa kumi na mbili. Kompyuta tano tu zenye NVDA, programu ya bure inayosoma kioo kwa sauti, tena kwa Kiswahili inasoma kwa ile sauti ya bati ambayo wanafunzi wetu wameipa jina la Babu Roboti. Vitabu vya nukta nundu maktabani, karibu hakuna. Bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, ambalo kwa chakula na malazi lilipandishwa 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, ni lile lile kwa wote, na asiyeona humo humo anatoa ya bajaji na ya kumshukuru anayemsomea. Tukaorodhesha pia tulivyonavyo, vifupi, bila kupamba.

Mwenzangu wa kitengo cha masoko aliusoma akanitazama kama niliyerukwa na akili. "Umewahi kuona muuza nyanya anapanga zilizooza juu?" Sikuwa na jibu zuri. Nikamwambia tu kwamba safari iliyopita nilipanga nzuri juu, na mnunuzi mmoja alifika nyumbani akakuta za chini.

Kuna kitu kilinisaidia kumshawishi. Kila mwaka Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, wakitoa tangazo la kuwaita wahitimu wa kidato cha sita kwenye mafunzo ya mujibu wa sheria, huwa na sentensi moja ninayoionea wivu: wenye ulemavu wa kuonekana kwa macho waripoti kambi ya Ruvu, Mlandizi mkoani Pwani, kwa kuwa ndiyo yenye miundombinu ya kuwahudumia. Basi. Mtu anajua aende wapi na kwa nini. Hakuna "tunawakaribisha wote bila ubaguzi", ambalo ndilo lilikuwa neno letu kubwa kwenye karatasi ya kung'aa na ambalo halimwambii mtu wa magongo kama ngazi zina kishikio.

Ukurasa ule ulitupotezea watu. Kijana mmoja wa kiti mwendo alisoma kuhusu lifti akaomba kwingine, halafu akanipigia kunishukuru. Nikamtakia heri, ingawa jina lake lingenifaa sana kwenye ripoti. Lakini walioomba wakaja wamejiandaa. Mmoja alikuja na kinasa sauti cha mtumba alichonunuliwa na mjomba wake, mwingine alishapatana na binamu yake aliyeko mwaka wa pili kuwa chumba kimoja. Na hakuna aliyeondoka muhula wa kwanza. Mkuu wangu alinung'unika kwamba hatujafika ishirini. Tulifika kumi na saba.

Fomu nayo ilikuwa na ugonjwa wake. Tulikuwa tunauliza: Je, una ulemavu? Ndiyo, Hapana. Binti mmoja mwenye ualbino aliweka alama ya Hapana, na nilimgundua wiki ya tatu, amesimama hatua moja kutoka ubaoni akiupiga picha kwa simu ili akaikuze akiwa chumbani. Nikamuuliza kwa upole. Akasema alipojaza Ndiyo alipokuwa anakwenda kidato cha tano, alipelekwa shule ambayo hakuichagua, tahasusi ambayo hakuichagua. Mwingine, mwenye kifafa, alisema mama yake ndiye aliyemkataza: ukijiandika tu watakurudisha. Wapo waliokuwa na mguu uliopooza, sikio moja lisilosikia, wote Hapana. Wale sita wa mkuu wangu hawakuwa sita hata siku ile alipowahesabu.

Tukabadilisha swali: Ili usome vizuri, utahitaji nini? Na mistari mitatu mitupu. Majibu yale ningependa kuyachapisha yote. Maandishi makubwa. Kukaa mbele. Chumba cha chini. Chumba kisicho cha pembeni, taa ya njiani iwake usiku. Huyo ana ualbino, na mama yake alikuwa amekaa kando yake akimwambia cha kuandika. Mwalimu asitembee anapoongea. Na mmoja, kwa herufi kubwa: NISIOMBEWE NJIANI. Nilipomuuliza alieleza kwamba kila mji anaofika kuna mtu humsimamisha, humwekea mkono kichwani na kuanza kukemea. Anachelewa vipindi.

Kuhusu mikopo, hapo ndipo tunapowapoteza wengi kuliko kwenye alama. Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, dirisha la udahili ni la wiki chache, na fomu ya Bodi ya Mikopo ina safari yake yenyewe: cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, serikali ya kijiji isaini, wakili au hakimu asaini, na kwa mwenye ulemavu daktari wa wilaya au mkoa athibitishe. Kwa anayeona na kuishi mjini ni usumbufu. Kwa asiyeona aliye kijijini ni nauli ya watu wawili kila mara.

Yule binti wa "kunong'ona" alikuwa amepata daraja la kwanza, tahasusi ya HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), na alikuwa amenyamaza. Simu haipatikani. Nikapanda basi hadi Kongwa, na kutoka hapo bodaboda. Nilimkuta anapeta karanga na mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo wewe wa chuo?"

Nilikuwa nimebeba maneno yangu yote, hadi habari za Dkt. Abdallah Possi, mwanasheria mwenye ualbino aliyeteuliwa naibu waziri 2015, ambaye sisi wageni wa mashuleni humtaja mpaka amechakaa. (Kijana mmoja aliwahi kuniambia: "Kila anayekuja anatuletea huyo huyo. Hamna wa pili?") Mama hakuuliza atakuwa nani. Aliuliza, "Akiugua usiku, nani atajua?"

Nikaanza kusema zahanati, nikajizuia. Zahanati yetu inafungwa saa mbili. "Mwenzake wa chumba ndiye atakayejua, mama. Na nitakupa namba ya huyo mwenzake, siyo yangu, maana mimi usiku nalala mjini." Akapeta ungo mara mbili tatu bila kusema kitu. Kisha akamwambia binti aoge, kesho wakaanze na hizo sahihi.

Nilifuatana nao. Daktari alikuwa likizo, tukangoja siku mbili anayekaimu. Kwa wakili ndiko nilikoona jambo ambalo semina hazifundishi. Karani alijaza fomu yote, akafika mahali pa sahihi ya mwombaji, akafungua kidau cha wino akakisogeza. "Aweke dole gumba hapa."

Binti akafungua pochi yake akatoa kipande cha kadi ngumu, cha boksi la viatu, kimekatwa kidirisha chembamba katikati. Akauliza mstari uko wapi. Nikamwongoza kidole. Akalaza kadi pale, akasaini ndani ya kidirisha, herufi zimeegemeana, mkia wa mwisho umepanda juu kidogo. Akakirudisha kile kidau kwa karani.

"Dole ni la asiyejua kusoma, kaka. Mimi nina daraja la kwanza."

Karani alikuwa mtu mwema, alicheka kwa aibu akapiga muhuri. Tuliwahi zikiwa zimebaki siku nne. Nikirudi ofisini nilikata kadi thelathini za namna ile, na sasa kila kijitabu cha nukta nundu kina moja ndani yake. Ndicho kitu wanachokitunza. Kijitabu chenyewe nadhani huishia jikoni.

Nimeliacha jambo la Hisabati mpaka hapa kwa sababu sijalimaliza. Yule kijana wa Mnazi Mmoja hakuwa peke yake. Wasioona wengi niliokutana nao waliachishwa Hisabati kidato cha pili au mapema zaidi, kwa nia njema, ili isiwashushie wastani. Baraza la Mitihani lina utaratibu wa kumwongezea mtahiniwa asiyeona muda, dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, na dakika 10 katika masomo mengine; lakini dakika hizo zinamngoja mtahiniwa ambaye hajafika. Anapokuja kwangu na kidato cha sita, uchumi umefungwa, uhasibu umefungwa, takwimu imefungwa. Kinachobaki ni ualimu na sheria, na kila mtu anamwelekeza ualimu kana kwamba wasioona wote walizaliwa wamekamata chaki.

Kwa hiyo siku hizi tunakwenda pia kwa kidato cha kwanza na cha pili. Tuna mwalimu mmoja kijana wa Hisabati ambaye ametengeneza ubao wa misumari: ubao wa mraba, misumari imepigwa kwa mistari sawasawa, na vipande vya mpira wa tairi la baiskeli. Mihimili miwili ya grafu ni waya. Mtoto anahesabu misumari kwa vidole, anavuta mpira kutoka nukta hadi nukta, grafu inasimama. Nilimwona msichana wa miaka kumi na nne akifuata mstari ule wa mpira kutoka chini kushoto kwenda juu kulia, akarudia, akarudia tena, kisha akasema, "Kumbe ndiyo huo mteremko." Mkuu wangu anauliza kwa nini tunatumia fedha za udahili kwa watoto ambao hawataomba chuo kabla ya miaka minne. Swali lake ni la haki. Miaka minne haijapita.

Kijana wa Mnazi Mmoja hakuja kwetu. Anasoma sheria chuo kingine, na aliwahi kunitumia ujumbe wa sauti kunijulisha kwamba huko nako choo kiko mbali.

Mwezi uliopita tulirudi katika ile shule ya vijitabu vilivyolala. Safari hii binti wa Kongwa, mwaka wa pili sasa, ndiye aliyekuwa mzungumzaji. Nilimtambulisha, akasalimia, akasubiri. Kimya. Kisha sauti ya mvulana kutoka nyuma: "Dada, samahani, madam yupo?"

"Yupo," akajibu.

"Anaweza kutupisha kidogo?"

Nikatoka. Nikakaa chini ya mwarobaini nikanunua karanga za mia tano kwa mama aliyekuwa anapita na beseni. Mlango ulikuwa umeegeshwa, nasikia sauti lakini siyo maneno. Swali, jibu lake refu, halafu ukimya, halafu kicheko cha watu wote kwa pamoja, hata mwalimu wa zamu akatoka ofisini kuangalia kuna nini. Ikawa hivyo kwa karibu saa nzima. Nilipoitwa, vijitabu vilikuwa vimekwisha na watatu walikuwa wameshaandika namba zake kwa mashine zao za nukta nundu.

Kwenye basi nilimuuliza walikuwa wanacheka nini.

"Ya kwetu hayo, madam," akasema, akaegemeza kichwa dirishani. Tulipopita Gairo akakumbuka kitu: kuna mmoja ameuliza kama mtaro umewekewa mfuniko, naye amemjibu bado.